Kazi Inayoachwa na Ngano

Unga wa ngano humsamehe mpishi. Ukizidisha maji, unaongeza unga. Ukikanda ovyo, andazi litaumuka tu. Ukilisahau donge nusu saa zaidi, litachachuka kidogo na watoto watakula bila kusema neno. Msamaha huo una chanzo chake. Ndani ya ngano kuna protini ambazo zikipata maji na mkono wa kukanda hushikana zikawa mtandao unaovutika, nao ndio gluteni. Mtandao huo hukamata hewa, hutunza unyevu, na hulifanya donge livutwe bila kukatika. Ukiitoa ngano, kazi hizo zote hubaki bila mwenyewe, na lazima apatikane wa kuzifanya.

Aliyenionyesha namna zinavyofanywa ni mama mmoja wa Mikumi, mzaliwa wa Kilosa, ambaye jirani zake wote humwita shangazi, nami nikafuata. Alfajiri hupika vitumbua vya kuuza. Jioni, akipata nafasi, hupika kitu kingine kabisa kwa ajili ya mama mkwe wake mwenye kisukari: vijiti vya mdalasini vya kukaanga ndani ya mafuta, visivyo na ngano wala mchele. Vitumbua alifundishwa na mama yake, aliyekuwa akivipitisha kwenye madirisha ya treni pale stesheni ya Kilosa enzi za reli ya zamani, kabla ya treni ya umeme ambayo madirisha yake hayafunguki kwa mtu wa beseni. Vijiti vya mdalasini hakufundishwa na mtu. Alivitoa kwenye vitumbua, na ndiyo maana itabidi nianze na vitumbua.

Mikumi ni mahali pazuri kwa mtu wa vitumbua. Barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia ikishatoka kwenye hifadhi, baada ya kilomita 50 hivi za matuta na alama za kuwapisha wanyama, hufika mjini na watu wote wana njaa. Hapohapo inachepuka barabara ya Kidatu na Ifakara, ambayo mchele wa bonde la Kilombero hupandia kuja kwenye barabara kuu. Malori yaliyolala yanaondoka kabla jua halijapanda, na utingo hashuki kutafuta supu. Anataka kitu cha kushika mkononi.

Shangazi huloweka mchele magharibi. Alfajiri humwaga maji, huutandaza kwenye ungo hadi punje zikauke juu huku ndani bado zina maji, kisha huutwanga na kuuchekecha. Nilipomuuliza kwa nini hapeleki mchele mkavu mashineni, aliniwekea unga wa namna mbili kwenye viganja viwili. Ule wa mashine ulikuwa na chenga unazozisikia kwa kidole. Wa kinu ulikuwa laini kama poda, na ukiubana unashikana. Mchele uliolowa huvunjika kwa upole. Mkavu hupasuliwa kwa nguvu, chembe zake za wanga zikaumia, na wanga ulioumia hunywa maji bila mpango. Yeye hasemi hivyo. Yeye husema unga wa mashine "una kiu", na kwa kweli amesema jambo lilelile kwa maneno machache zaidi.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Huchota upawa mmoja wa unga ule, akaupika uji mzito, akauacha upoe mpaka kidole kivumilie. Kisha ndipo huuchanganya na unga uliobaki, tui zito, sukari, iliki na hamira. Ukitazama haraka utadhani ni kupoteza mkaa. Lakini mchele hauna gluteni, na rojo la unga mbichi haliwezi kushika hewa. Hamira hutoa mapovu, mapovu hupanda, hupasuka, unga unatuama chini. Wanga ukipikwa hadi nyuzi joto 70 na kitu hufumuka na kuvuta. Uji ule mchache, ukisambaa ndani ya rojo zima, ndio unaoyazuia mapovu yasitoroke. Kazi ya ngano imechukuliwa na uji. Lazima uwe umepoa, kwa sababu uji wa moto huiua hamira palepale, na vitumbua vya hamira iliyokufa huwa vizito vya kumpigia mtu.

Wapo wanaofupisha njia kwa kutia vijiko viwili vitatu vya unga wa ngano kwenye rojo, na ninawaelewa: biashara ni biashara. Ila mwenye tatizo la ngano aulize kabla ya kununua, na aulize pia kama yale mafuta yalikaangia maandazi jana.

Kinachobaki ni chuma. Chuma chake cha vitumbua kina matundu saba, na hakijaguswa na sabuni tangu akinunue. Hukipangusa kwa kitambaa chenye mafuta kikiwa bado cha moto. Mafuta yaliyoungua tabaka juu ya tabaka yamekifanyia ngozi nyeusi inayong'aa, na ngozi hiyo ndiyo inayokiachia kitumbua kitoke kizima. Mkaa huupanga pembeni zaidi kuliko katikati, kwa kuwa tundu la katikati hupata joto la wenzake wote. Kijiko cha mafuta kila tundu, rojo hadi robo tatu, kisha kungoja. Macho ya mapovu yakifunguka juu na ukingo ukianza kukauka, anapitisha kijiti cha chuma ubavuni na kukigeuza kwa mzunguko mmoja wa kifundo cha mkono. Awamu ya kwanza hunata kila siku, na hiyo ni haki ya watoto wa pale uani.

Chuma cha namna hii kina ndugu wengi pande zote za Bahari ya Hindi. Wamalagasi wana mofo gasy zao za mchele, Watamil wa India Kusini wana paniyaram, na ukiviweka vyuma vyao karibu na cha shangazi utahitaji mwenyewe aje kukuonyesha kipi ni chake. Watu wa mchele wote walikutana na tatizo lilelile, nao wakatoa jibu moja: kama unga haushikani wenyewe, upe tundu la kuushikilia.

Mpaka hapo, mtu asiyetaka ngano ameshapata kifungua kinywa. Lakini mama mkwe hakukatazwa ngano. Aliambiwa apunguze wanga. Hapa watu wengi huchanganya mambo, na maduka ya mjini yanafaidika na mchanganyiko huo. Kukosa gluteni ni habari ya protini. Wanga ni habari nyingine. Katika gramu 100 za unga mweupe wa ngano, wanga ni kama gramu 76. Katika unga wa mchele ni kama 80. Unga wa muhogo nao hauko nyuma. Mgonjwa wa kisukari anayeacha chapati akahamia vitumbua vitano na chai ya sukari amebadilisha jina la chakula tu. Na si wachache wanaohusika: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa karibu asilimia 9 ya Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64. Huku Mikumi kuna kejeli ya ziada, kwani ukishuka kuelekea Kidatu unapita mashamba ya miwa ya Ruembe, ndani ya Wilaya ya Kilosa yenyewe, na sukari ya Kilombero imejaa kila duka.

Basi shangazi aliangalia jikoni kwake akatafuta kitu kisicho na wanga mwingi kinachoweza kuwa unga. Akakiona kwenye ndoo ya kuku.

Chicha ya nazi wengi wetu huitupa. Nazi imekunwa, tui la kwanza limekamuliwa, la pili limekamuliwa, kilichobaki ni nyuzi nyeupe zisizo na faida. Lakini nazi yenyewe ina wanga kidogo, kama gramu 15 katika kila gramu 100 za nyama yake mbichi, na zaidi ya nusu ya hizo ni nyuzinyuzi ambazo mwili hauzigeuzi kuwa sukari. Baada ya kukamuliwa, kilichomo ni nyuzinyuzi zaidi. Naye kila siku anakuna nazi za vitumbua, nazi zinazopanda kutoka Pwani kwa malori, kwa hiyo unga wake wa jioni unatokana na taka za alfajiri. Huianika chicha kwenye ungo chini ya jua la saa sita, akaimalizia kwenye kikaango kikavu juu ya moto hafifu bila kuacha kuigeuza, kwa sababu ikibadilika rangi tu, imeharibika. Kisha kinu, kisha chekeche, kisha kinu tena kwa zile zilizogoma.

Unga wa chicha peke yake una tabia mbaya. Hunywa maji kuliko unga wowote ninaoujua, halafu unabaki na umbo la mchanga uliolowa. Hivyo anauchanganya na unga wa karanga, nusu kwa nusu. Karanga nazo zina wanga wa gramu 16 hivi, nusu yake nyuzinyuzi, na zina protini nyingi. Kutwanga karanga ziwe unga badala ya siagi ni ufundi unaojitegemea. Huzikaanga kavu, huziacha zipoe kabisa, ikiwezekana hadi kesho yake, hutoa maganda, kisha hutwanga kiganja kimoja kimoja kwa mapigo mafupi na kuchekecha mara kwa mara. Ukitwanga nyingi kwa pamoja, au zikiwa na joto, mafuta yanatoka na mchi unaanza kunata. Sauti hubadilika kabla jicho halijaona chochote: kutoka mlio mkavu hadi mlio uliozibwa. Anaposikia hivyo husimama, hata kama anaongea na mtu.

Sasa anarudi kwenye somo la uji. Anachemsha kikombe kimoja cha maji na vijiko viwili vya samli na chumvi kidogo. Yakianza kutokota, anamwaga unga wote kwa pamoja, karibu nusu kikombe cha chicha na nusu cha karanga, pamoja na kijiko kimoja cha mbegu za chia zilizosagwa, na kusonga kama ugali mpaka donge liachane na sufuria. Wapishi wa Hispania hufanya hivyohivyo na unga wa ngano wanapopika churro, vile vijiti vyao vya kukaanga. Maji yanayochemka huupika unga kabla haujaona mafuta. Kwa shangazi faida si ileile, maana hapa hakuna wanga wa kutosha kuvuta. Kinachofanyika ni kwamba nyuzinyuzi za nazi zinashiba maji zingali sufuriani, na chia inatoa ule utelezi wake unaofunga. Bila hatua hiyo zingeendelea kunywa ndani ya mafuta, na kijiti kingesambaratika.

Donge likipoa kidogo, mayai. Hutia moja, akapiga kwa mwiko hadi lizame, ndipo hutia la pili. La tatu hulipiga pembeni kwenye kikombe na kulitia kijiko kwa kijiko, kwani chicha ya leo si ya jana. Siku ambayo mkono umekamua kwa nguvu, unga huwa mkavu zaidi na huhitaji yai zaidi. Anajua pa kuishia kwa kuinua mwiko: donge likining'inia kwa ncha fupi na kukatika pole pole, basi. Yai ndilo lililopewa sehemu kubwa ya kazi ya ngano katika chakula hiki. Likipata joto protini zake huganda, na mahali zilipogandia ndipo kijiti kitakapobakia na umbo lake.

Kwa kukamulia hutumia mashine ya mkono ya tambi za dengu, ile ya bati yenye sahani za kubadilisha, na huchagua sahani yenye tundu la nyota. Kwa muda mrefu nilidhani ile mifereji ya nyota ni pambo. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, kamua la duara uone," na akasogea nyuma hatua mbili. Kijiti cha duara kilikaa tuli kwenye mafuta, kikaiva ganda, kisha kikapasuka na kurusha mafuta hadi ukutani. Mvuke wa ndani ulikosa njia. Nyota huongeza eneo la nje, hufanya joto lifike ndani sawasawa, na huacha mabonde membamba ambapo mvuke unaweza kupenya. Wapishi wa churro wa Hispania wanalijua hilo, na baadhi yao wamelijua kwa makovu.

Hakamulii moja kwa moja kwenye mafuta. Ngano ingeruhusu, maana donge lake huning'inia bila kukatika, ila hili hukatika. Hukamulia kwenye vipande vya jani la mgomba vilivyopakwa mafuta, urefu wa kidole cha kati, kisha huviacha dakika chache juu vikauke. Kila kipande hutelezeshwa na jani lake kwenye karai, na jani hujitenga lenyewe.

Mafuta ni ya alizeti, ya mashine ndogo za mtaani, yenye rangi ya dhahabu na povu la ajabu. Mafuta ya namna hiyo yakipewa moto mkali huanza kutoa moshi mapema na kuacha uchungu. Shangazi huyapasha taratibu peke yake hadi povu litulie, ndipo huongeza mkaa kidogo. Kipimo chake ni kijiti cha mwiko: akikitumbukiza, vipovu vidogo vinapaswa kukizunguka bila haraka. Yakiwa baridi, chicha hunywa mafuta kama ilivyokunywa maji. Yakiwa moto mno, karanga huungua nje na ndani kunabaki yai bichi. Hutia vijiti vinne tu kwa wakati mmoja, ingawa karai lingeweza kubeba kumi. Nilimuuliza kama hachoki. "Kumi vitayapoza mafuta," alijibu, "halafu nitachoka kuvila."

Mdalasini huja mwisho, na sababu zake ni mbili. Ukiutia ndani ya donge, unga wake unaotokeza juu huungua kwenye mafuta kabla ya kitu kingine chochote. Ya pili aliijua kutokana na vitumbua: kila alipojaribu kubadilisha iliki kwa mdalasini, rojo lilichelewa kuumuka. Kile kinachoupa mdalasini harufu yake ndicho pia kinachozuia ukungu na bakteria, na hamira nayo hukionea shida. Kwa hiyo vitumbua vyake vimebaki na iliki, na mdalasini ukapewa chakula kisicho na hamira.

Huununua Morogoro, Soko la Chifu Kingalu, kwa watu wanaoteremka na viungo kutoka milima ya Uluguru. Hauchukui ule mgumu wenye gamba moja nene linalolia kama kuni. Huchagua unaovunjika kwa vidole, wenye matabaka membamba, na huvunja kipande akakinusa pale kilipovunjikia, si nje. Ni uangalifu wenye maana kuliko anavyodai. Ule mgumu mara nyingi ni kasia, jamaa yake wa Asia, wenye kumarini nyingi, kitu kinachoweza kudhuru ini kikiliwa kwa wingi kila siku. Wataalamu wa chakula wa Ulaya wameweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Kwa anayeonja mara moja moja si neno. Kwa mzee ambaye angekula kila jioni, inafaa kuchagua. Na tuliseme kabisa, kwa kuwa maneno ni mengi mitaani: mdalasini hauchukui nafasi ya dawa za kisukari, na shangazi mwenyewe humkumbusha mama mkwe kumeza vidonge kabla ya kumwekea sahani.

Huusaga, huuchuja kwa kitambaa, na kuuchanganya na kijiko cha chicha iliyokaangwa hadi hudhurungi na chumvi kidogo sana. Sukari hamna. Vijiti vikitoka kwenye karai, huvipumzisha juu ya waya kwa muda wa pumzi chache, si zaidi, kisha huvibingirisha ndani ya unga ule vikiwa bado vinameta mafuta, maana vikipoa haushiki. Ukikila kipande cha kwanza, ulimi hutafuta sukari na kutoipata. Kisha unakuja utamu wa nazi uliotoka kwenye moto, harufu ya mdalasini inayoufanya uonekane mkubwa kuliko ulivyo, na chumvi inayousukuma. Ganda hulia. Ndani ni laini, kunakaribia keki ya mayai kuliko andazi, na sioni sababu ya kujifanya ni andazi.

Watu humuuliza kwa nini havipeleki stendi. Hesabu inakataa: mayai matatu, karanga, samli, na mkaa wa vijiti vinne vinne, mpaka kimoja kingeuzwa kwa bei ya vitumbua kadhaa, kwa dereva asiye na kisukari. Na hata angepata mnunuzi, vijiti havingoji. Ganda la wanga hubaki kavu kwa muda; hili la chicha na yai huvuta unyevu wa ndani na kulainika kabla saa haijaisha, na ukivipasha tena vinakuwa na mafuta tu. Ni chakula cha mtu aliyekaa karibu na jiko.

Siku hizi anahangaika na ufuta, kwa sababu mjukuu wa jirani huvimba midomo akila karanga na hapendi mtoto akae akitazama wenzake. Ufuta una wanga kidogo pia, na Kilosa unapatikana bila shida. Tatizo ni kinu. Mafuta ya ufuta hutoka mapema kuliko ya karanga, mchi unaanza kunata karibu tangu mapigo ya mwanzo, na mlio haumpi nafasi ya kusimama. Amejaribu kuutwanga pamoja na chicha kavu ili iyanywe mafuta yanapotoka. Unga umekuwa bora, lakini una uchungu mdogo mwishoni, na hajaamua kama unatoka kwenye maganda au kwenye moto wa kukaangia.